Damu ya Juni Haifiki Septemba

Kila tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, foleni huwa ndefu na benki za damu hupumua. Lakini damu haiwekwi akiba kama mahindi ghalani. Chembe nyekundu hudumu kwenye jokofu siku 35 hadi 42 tu, kutegemea dawa ya kuhifadhia. Chembe sahani hukaa siku 5 hivi. Mama atakayevuja damu akijifungua Septemba ataokolewa na mtu aliyechangia Agosti. Ndiyo maana tunamhitaji sana anayerudi.

Anayerudi ana faida nyingine. Kila chupa hupimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, ila maambukizi mapya kabisa huweza kukwepa kipimo kwa siku kadhaa. Mtu aliyekwisha kupimwa mara nyingi, akachangia kwa hiari, ni salama kuliko ndugu aliyeitwa wodini usiku, mgonjwa yuko mahututi, naye anaona haya kueleza ukweli wa afya yake.

Wengi huniambia wanaogopa kurudi kwa sababu ukizoea kuchangia huwezi kuacha, damu itakujaa mwilini. Hilo si kweli. Figo ndizo zinazohisi upungufu wa oksijeni, zikatoa homoni ya kuuamuru uboho utengeneze chembe. Upungufu ukiisha, amri hupungua. Ukiacha kuchangia, hakuna kinachofurika.

Maji ya damu hurudi ndani ya siku mbili, chembe nyekundu baada ya wiki kadhaa. Madini ya chuma ndiyo huchelewa, hasa kwa mwanamke anayepata hedhi. Kwa hiyo Tanzania mwanaume husubiri miezi 3, mwanamke miezi 4. Katika muda huo kula maharage, dagaa, maini na mchicha, pamoja na chungwa; chai isinywewe pamoja na mlo, kwani huzuia chuma kufyonzwa.

Zimbabwe ilianzisha mwaka 1989 klabu ya vijana walioahidi kuchangia mara 25. Naupenda mpango ule kwa sababu haukuwaacha vijana walipomaliza shule. Kwetu wanafunzi huchangia sana, kisha shule zikifungwa akiba hushuka. Kituo kinachompokea mtu vizuri, kikampa majibu yake na kumkumbusha kwa simu, kitamwona tena.

Nawe ukichangia, usiondoke kabla hujaandikiwa tarehe ya kurudi.