Acheni Mafuta, Leteni Sabuni

Swali limerudi tena, safari hii kupitia kwa direkta wa shule moja ya msingi hapa Mulekera, mjini Beni: "Mama, tukipeleka watoto ku mize (makumbusho), vile vinyago havitawafuata nyumbani?" Kabla yake aliniuliza mzazi wa Butembo, na kabla ya mzazi alikuwa katekista. Hakuna anayeuliza choo kiko wapi. Hakuna anayeuliza mtoto wa miaka 7 anaweza kusimama muda gani mbele ya kitu kimoja kabla hajaanza kumvuta mwenzake shati. Hayo ndiyo maswali yanayoamua kama ziara itafaa au itakuwa fujo, lakini yote yamepangwa foleni nyuma ya swali la pepo.

Basi leo nalijibu kwa urefu, nipumzike.

Kwanza, tuache kuvitupa vitu vyote vya wazee katika gunia moja lililoandikwa "uchawi". Chukueni Warega, jirani zetu wa Shabunda, Mwenga na Pangi, ambao vitu vyao vimejaa katika makumbusho ya dunia. Kinyago chao kiitwacho lukwakongo ni kidogo, mara nyingi hakitoshi hata kufunika uso wa mtu mzima. Kimepakwa udongo mweupe na kutiwa ndevu za nyuzi. Katika mafunzo ya chama cha Bwami kilitundikwa kwenye ua, kikashikwa mkononi, pengine kikaburutwa chini kwa ndevu zake, na kila tendo lilikwenda na methali ya kumfundisha anayepanda daraja namna ya kuishi na watu. Nani anamburuta pepo kwa ndevu? Wana pia sanamu waiitayo Sakimatwematwe, mwili mmoja wenye nyuso nyingi: mzee anayetazama kila upande kabla ya kukata shauri. Nawajua viongozi kadhaa ningependa wakae mbele yake nusu saa. Aliyeipiga marufuku Bwami mwaka 1948 ni serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, na hakuna pepo aliyeitisha serikali ile. Iliogopa wazee waliokuwa wakitii mamlaka isiyo yake. Woga huo tumeurithi, tukauvika suti ya Jumapili.

Waluba nao wana lukasa, kipande cha ubao kilichopigiliwa shanga na kauri. Mtu asiyejua ataapa kwamba ni hirizi. Kumbe ni daftari. Mtaalamu wa chama cha Mbudye alipitisha kidole juu ya shanga zile akisimulia wafalme, safari na mipaka ya nchi. Mnawakataza watoto wasilisogelee somo la historia.

"Na ile sanamu ya misumari?" Nilijua mtafika huko. Nkisi ya Wakongo, kule kwenye mdomo wa mto Kongo, inatisha kweli, na ilichongwa itishe. Lakini sikilizeni wenyewe walivyoamini. Nguvu haikuwa katika mti. Ilikuwa katika dawa alizotia nganga, mara nyingi ndani ya kisanduku cha tumboni kilichofunikwa kwa kioo, na katika maneno yaliyosemwa mbele yake. Misumari iliyopigiliwa ni viapo na mapatano: watu wamegombana, wameapa, ugomvi umefungwa. Nyingi kati ya sanamu hizo zilitolewa dawa zake kabla ya kuuzwa, maana mganga hakuwa mjinga wa kumwachia mgeni kazi yake. Kwa hiyo mwenye kutaka kuishika imani hiyo na aishike yote: pasipo nganga, dawa wala kiapo, kilichobaki kwenye kabati la kioo ni gogo lililochongwa na fundi hodari. Huwezi kuchukua nusu inayokutisha ukaikataa nusu inayokutuliza.

Tena kuna watu waliotutangulia katika jaribio hili la kuwapeleka watoto mbele ya vitu vya wazee. Jengo la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, lilifunguliwa mwaka 1910. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wetu wa wakati ule orodha ya vitu kama 84,000 vya Kongo vilivyomo humo. Watoto wa shule za Ubelgiji wamepita mbele ya vitu hivyo kwa zaidi ya miaka 100, wakila biskuti nje na kulia kwa sababu zile zile zinazowaliza watoto wote: viatu vinabana, njaa imewashika, rafiki amekalia kiti chao ndani ya basi. Juni mwaka huo huo Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Kakuungu, cha Wasuku, kikakabidhiwa kama mkopo usio na mwisho. Ni kinyago cha jando, kazi yake ilikuwa kuwalinda wavulana. Mfalme na Rais walisimama mbele yake na kamera zikapiga picha. Wote wawili walirudi nyumbani salama.

Msidhani woga huu ni wetu peke yetu. Makumbusho ya Uganda yalipoanza mwaka 1908, katika ngome ya Lugard pale Old Kampala, Waganda waliyaita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya hirizi. Leo yako Kitante, yamekuwa huko tangu 1954, na kinachojulikana zaidi ndani yake ni chumba cha ngoma na ala nyingine za muziki. Magari ya shule yanapanga mstari nje.

Sasa nije kwenye dawa mnayoitumia kuwakinga watoto na pepo. Kuna wanaopaka viganja vya watoto mafuta ya upako kabla ya kuingia. Wengine hubeba kichupa cha maji ya maombi, wakanyunyiza kimyakimya mlinzi akigeuka. Kuomba kabla ya safari sina neno nako, barabara zetu zinataka maombi. Lakini Baba Pasta, mafuta hayo yanaacha alama kwenye kioo, na pasipo kioo yanaingia kwenye mti. Yanashika vumbi, yanabadilisha rangi, na hayatoki. Maji je? Ule udongo mweupe wa lukwakongo niliousema hauna gundi ya maana, tone moja linatosha kuufanya utiririke kama machozi. Kitu kilichovuka vita viwili na mchwa wa miaka 80 kinaharibiwa na kichupa cha sirapu ya kikohozi kilichosafishwa.

Na hapa kuna jambo ambalo hakuna anayeniuliza kamwe. Katika makumbusho ya zamani ipo hatari moja ya kweli mwilini mwa vitu, nayo haina uhusiano na mizimu. Kwa miongo mingi watunzaji wa makumbusho waliua wadudu kwa kupaka vitu aseniki, chumvi za zebaki, na baadaye DDT. Sumu hizo hazijaondoka zote. Zimo kwenye manyoya, ngozi, nyuzi na mti wa vitu vya zamani. Ndiyo maana mtoto anakatazwa kugusa, na ndiyo maana akigusa kwa bahati mbaya ananawa kabla ya kushika mkate. Kiganja chenye mafuta hakimlindi, kinazidi kukamata vumbi lenye sumu. Mji uliopitia Ebola kuanzia 2018 hadi 2020, ndoo ya maji ikiwa mlangoni pa kila duka, haupaswi kufundishwa upya faida ya sabuni.

Mtaniambia: mtoto wa jirani alitoka kule, usiku akaota akipiga kelele. Naamini. Mtoto wa miaka 5 akitazamwa na uso usiopepesa macho ataogopa, awe Beni au Brussels, na hofu ya mchana huota usiku. Ndoto inapita. Kisichopita ni maneno ya mkubwa asubuhi yake: "Amepewa kitu kule." Nchi hii tunajua maneno hayo yanaishia wapi. Mtoto anaitwa mlozi, anafungiwa chumba cha maombi bila chakula, anaishia barabarani. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kumkinga mtoto naye baada ya ziara, ni huyo mkubwa.

Yatosha. Nafasi imebaki ndogo na mambo ya kufanya ni mengi, kwa hiyo nitakwenda mbio.

Wapi? Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa, yaliyofunguliwa 2019 kwa fedha za Korea Kusini, ni mazuri, lakini ni ya ndege, na shule zetu si za ndege. Bukavu kuna makumbusho ya wamisionari Waxaveri yenye vitu vya Warega, ila tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, hiyo si njia ya kupeleka watoto. Inabaki Kampala kupitia Kasindi na Kasese: si safari ya siku moja, kwa hiyo wakubwa wa darasa la tano na la sita tu. Kila mtoto awe na karatasi yake ya kusafiria, ruhusa ya mzazi iliyoandikwa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hali ya barabara mpaka Kasindi iulizwe asubuhi ile ile, habari za jana hazitoshi.

Wasio na fedha hiyo, yaani karibu sote, walete makumbusho darasani. Upande wa Mambasa, Wambuti wana nguo za magome: wanaume wanaponda gome mpaka lilainike, wanawake wanachora juu yake kwa utomvu wa matunda mistari ambayo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaitundika sebuleni. Azimeni mbili au tatu, tundikeni kwenye kamba mbali na jua, ongezeni kikapu cha bibi na ngoma ya parokia. Mnayo maonyesho.

Popote mtakapokuwa, mtu mzima mmoja kwa watoto 8. Vitu vitatu, visizidi vinne. Mnaotaka "tumalize vyumba vyote" kimbizeni watoto uwanjani, ni bei rahisi. Dakika 45, kisha maji. Karatasi ya maswali ya kujaza ibaki shuleni, mtoto anayenakili kibao hajakiona kinyago. Muulizeni anaona nini, kisha muulizeni nini kimemfanya aseme hivyo, kisha nyamazeni. Kunyamaza ndiko kunakowashinda walimu. Juma moja kabla, kila mtoto atengeneze kinyago chake kwa katoni. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, na kwa watoto wa umri huu nimeona ni kweli tupu. Walio chini ya miaka 6 wabaki na hicho cha katoni. Kuchora ni kwa penseli, kalamu za wino zikusanywe mlangoni pamoja na mifuko na soda. Vyoo kabla ya kuingia, siyo katikati. Mkigusa kitu, sabuni. Na mtoto anayetapika kwenye gari akae mbele, na mfuko wake mkononi.