Udongo wa Upare na Matumbawe ya Pangani

Mtu wa Same akielezwa habari za matumbawe hucheka: bahari iko wapi na Upare uko wapi? Lakini maji ya milima yetu huteremka hadi mto Mkomazi, nao huungana na mto Pangani mpaka baharini. Udongo wa mashamba husafiri pamoja nayo; na tumbawe ni kiumbe hai, likifunikwa na tope hukosa nuru, likafa.

Nani atatujulisha? Si yule aliyefunzwa kupumua kwa mtungi wa hewa tu. Huyo ni mtalii. Mzamiaji wa kazi yampasa kutandaza utepe juu ya mwamba, aandike lililo hai na lililokufa, ahesabu samaki, kisha arudi pale pale mwaka wa pili. Baruti huacha vifusi. Joto, kama lile la mwaka 1998, huyapausha matumbawe, nayo huweza kupona bahari ikipoa. Tope hufukia polepole.

Wanavijiji wa Tanga walifundishwa ukaguzi huo chini ya mpango wa hifadhi ya pwani ulioanza mwaka 1994. Madaftari ya namna hiyo yangefaa kusomwa Same pia, mbele ya wanaolima kandokando ya vijito.