Ukuta Unaopima Dawa

Mgonjwa anayeambiwa ameze kidonge kimoja kutwa mara tatu hukabidhiwa kazi ya saa. Amezapo, dawa hupanda katika damu, kisha hushuka. Akisahau, hushuka chini ya kiwango kiponyacho. Wataalamu wameihamishia kazi hiyo kwenye ukuta mwembamba unaoizunguka chembe ya dawa. Chembe hiyo na ukuta wake huitwa maikrokapsuli, nayo aghalabu haionekani kwa macho matupu.

Ufundi wenyewe ulianzia ofisini, si hospitalini. Katika miaka ya 1950 kampuni ya National Cash Register ya Marekani ilitengeneza karatasi ya kunakilia isiyohitaji kaboni, kwa kufungia rangi ndani ya vifuko vilivyopasuka kwa mgandamizo wa kalamu. Kuta zilikuwa za jelatini na gundi ya mgunga, ile ivunwayo kwa wingi nchini Sudan. Vitu hivyo viwili huyeyushwa katika maji ya vuguvugu yenye matone ya mafuta. Asidi itiwapo, jelatini hupata chaji chanya ilhali gundi ina chaji hasi. Huvutana, hujitenga na maji na kuyafunika matone. Mchanganyiko upozwapo, utando huganda.

Dawa ya sindano hudai ukuta ambao mwili waweza kuuyeyusha. Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha leuprolide ya namna hiyo kwa saratani ya tezi dume: sindano moja kwa mwezi. Dawa iliyo katika maji hukorogwa pamoja na polima ya asidi za laktiki na glaikoliki iliyoyeyushwa kwa dikloromethani. Kisha vyote humiminwa katika maji mengine na kukorogwa hadi kiyeyusho kiishe kuvukiza. (Kwa kweli hapa dawa imetapakaa ndani ya chembe nzima, lakini tusigombane na jina.) Mwilini maji huikata polima polepole, na dawa hutoka.

Ugumu, kwa maoni yangu, si kuipata chembe moja, bali kuzipata mamilioni zinazofanana. Mkorogo ukizidi kasi, chembe huwa ndogo na dawa huwahi kutoka. Dawa iliyobaki karibu na uso huweza kumwagika siku ya kwanza. Na chembe zilizokwisha kuchomwa msulini hazirudi katika bomba. Kwa hiyo sampuli hutiwa kwanza katika maji ya nyuzi 37, joto la mwili, na dawa itokayo hupimwa siku baada ya siku.