Fahamu: Kwa nini wengine huona vigumu kumwamini Mungu

Katika sensa ya Kenya ya 2019, zaidi ya watu 755,000 walisema hawana dini. Si wote wanaomkana Mungu. Kukosa dini ni jambo moja, kukosa imani ni jingine.

Swali gumu kuliko yote ni la mateso: kama Mungu ni mwema na anaweza yote, mbona mtoto asiye na kosa anateseka? Wanazuoni wa dini hujibu kwa kutaja hiari ya binadamu, au mtihani. Ayubu wa Biblia naye aliuliza hayo hayo, wala hakuitwa kafiri. Ila kwa aliyetoka makaburini jana, majibu haya huwa mepesi mno.

Wengine hawagombani na Mungu bali na wanaojiita wasemaji wake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Wapo pia wanaotaka ushahidi tu, kama wa maabara. Hao mara nyingi hunyamaza: ukijitangaza, nani atakuozesha binti yake, na siku ukifa nani atakusomea dua?