Saa Sitini za Dawa Mseto

Tuseme unaishi Mutuka, katika mji wa Babati, na leo ni Jumatatu. Jioni umempeleka mwanao zahanati, amepimwa damu, ikaonekana ana malaria. Umerudi na pakiti ya dawa mseto na maelezo haya: dozi sita kwa siku tatu, ya pili baada ya saa nane. Dozi ya kwanza unampa saa mbili usiku. Je, ya mwisho ataimeza lini?

Wengi wetu tungehesabu vidole: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, basi kwisha. Kumbe hapo mtoto atakuwa amemeza dozi tano tu.

Tulitazame shauri hili taratibu. Dawa mseto, ambayo Tanzania iliifanya tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006, huhesabiwa kwa saa tangu dozi ya kwanza: 0, 8, 24, 36, 48 na 60. Siku moja ina saa 24. Ukigawa 60 kwa 24 unapata 2, na baki ni 12. Kwa hiyo dozi ya mwisho ni siku mbili kamili na nusu ya siku baada ya ile ya kwanza. Kutoka Jumatatu saa mbili usiku, siku mbili zinakufikisha Jumatano saa mbili usiku. Ongeza saa 12, utafika Alhamisi saa mbili asubuhi.

Dozi ya pili ndiyo yenye mtego, na mtego wenyewe umo katika lugha yetu. "Saa nane" ni muda, tena ni wakati. Mzazi aliyechoka aweza kumwamsha mtoto saa nane usiku, yaani baada ya muda wa saa sita tu. Mwingine akangoja saa nane mchana, zikawa zimepita saa 18. Hesabu sahihi ni 2 jumlisha 8, yaani saa kumi alfajiri ya Jumanne. Wala usingoje mapambazuko. Babati iko magharibi ya mstari unaopimia saa zetu, hivyo jua huchomoza yapata saa kumi na mbili na nusu.

Ukitumia simu kukuamsha, angalia tena. Simu hesabu yake huanzia usiku wa manane, yetu huanzia asubuhi, na tofauti ni saa sita. Saa kumi alfajiri toa sita, inabaki nne: andika 04:00. Saa mbili usiku ni 20:00, kwa kuwa 20 toa 12 ni 8, na 8 toa 6 ni 2.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi: Jumanne saa mbili usiku, Jumatano asubuhi na usiku, kisha Alhamisi asubuhi. Kila dozi imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ili dawa ifyonzwe vizuri mwilini.

Vidonge navyo vitakusaidia kujisahihisha. Mtoto wa kilo 15 hadi chini ya 25 humeza viwili kila dozi: 2 mara 6 ni 12. Mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vinne: 4 mara 6 ni 24. Ukiona Jumatano usiku vimebaki viwili vya mtoto, usiviweke kabatini kwa ajili ya mdogo wake, hata kama mgonjwa ameanza kucheza uani. Dawa mseto ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Ya kwanza huua vimelea vingi upesi, lakini huisha mwilini baada ya saa chache. Ya pili hukaa siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Mtoto hupata nafuu kwa kazi ya ile ya kwanza.

Chukua kalamu sasa, uandike juu ya pakiti siku na saa ya kila dozi, kabla taa haijazimwa.