Kijana Aendaye Ulaya Achunge Mwili Wake

Wazazi wa Butembo na Beni wakimtuma kijana wao Ulaya, akae kwa shangazi au mjomba na kusoma huko, humnunulia sanduku na koti. Hayo ni mema. Lakini kuna mzigo mwingine ambao kijana hana budi kuuchukua, nao ni habari za mwili wake. Mganga wa hospitali ya Brussels au Paris hamjui kijana huyu, wala hajui nchi aliyotoka. Kijana mwenyewe amwambie.

1. Karatasi

Chanjo ya homa ya manjano idungwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, ikaandikwe katika karata ya manjano. Tangu mwaka 2016 chanjo hiyo moja hukubaliwa kwa maisha yote; basi usiipoteze karata. Chukua pia barua ya hospitali inayotaja chanjo zako na magonjwa yako. Mwenye anemia ya SS asifiche, kwa maana baridi huweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Aliyepona Ebola katika ule ugonjwa mkubwa wa 2018 hadi 2020 achukue cheti chake.

2. Homa

Hapa sikiliza sana. Mtu aliyeugua malaria mara nyingi tangu utoto hupata nguvu kidogo ya kuishindana. Vijidudu vyaweza kukaa katika damu yake naye anatembea. Atafika Ulaya mzima, na baada ya majuma kadhaa homa itamshika, pamoja na kuumwa kichwa na kutapika. Huko malaria ni ngeni; watu watasema, "Ni mafua tu, lala." Malaria ya kwetu yaweza kuua kwa siku chache. Kwa hiyo ukipata homa katika miezi ya kwanza, nenda kwa mganga siku ile ile, ukamwambie: "Nimetoka Kongo. Pimeni damu yangu, mtafute malaria." Wasipoona kitu, uwaombe wapime tena kesho yake. Ukizidiwa, piga simu 112. Namba hiyo ni bure katika nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Tena kuna hatari nyingine. Ile nguvu hupungua mtu akikaa mbali na mbu. Ukirudi Beni likizo baada ya miaka miwili, usiseme, "Mimi ni mwenyeji, mbu wananijua." Mwili wako umekuwa kama wa mgeni. Ulale ndani ya chandarua, na kabla ya safari umwombe mganga dawa ya kuzuia malaria.

3. Baridi na jua

Butembo iko juu milimani, na watu wake hudhani wanaijua baridi. Lakini katika Ulaya maji huganda njiani. Vaa nguo kadhaa nyembamba, moja juu ya nyingine, na miguu iwe mikavu.

Kwetu jua huchomoza na kutua karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Brussels mwezi wa Desemba huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, inayoimarisha mifupa. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Ukichoka daima na mifupa ikikuuma, mwulize mganga kuhusu matone ya vitamini D. Kula pia mayai na samaki wenye mafuta.

4. Moyo

Vijana wengine wa Beni wameona vita, na wengine wamezika wapendwa wao. Mambo hayo hayabaki mpakani Kasindi. Ukikosa usingizi, ukikataa chakula, au ukitamani kufa, mwambie yule unayekaa kwake au mwalimu. Si aibu, wala si wazimu.

Nanyi wazazi, mkipiga simu msiulize habari za fedha tu. Ulizeni: "Unalala? Unakula? Una rafiki?" Kisha nyamazeni, mtoto ajibu.

Kumbuka:
- Karata yako itunze.
- Ukipata homa, sema umetoka Kongo.
- Ukirudi nyumbani, tumia chandarua.
- Huzuni usiifiche.