Ushanga mweusi haukuuzika Ujiji: somo kwa muuza asali wa Goweko

Wafanyabiashara wengi wadogo huanza na swali la mtaji: nina shilingi ngapi? Swali la nani atanunua huja baadaye, mzigo ukiwa umekwisha kushushwa. Hapo ndipo hasara huanzia.

Somo hili si geni katika eneo la Goweko, wilayani Uyui. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, misafara kutoka pwani ilipita Ugogo, kisha Tura na Kigwa, majirani wa Goweko wa leo, kuelekea Unyanyembe. Fedha ya njia hiyo ilikuwa nguo na ushanga, na kila nchi ilikuwa na chaguo lake.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871, aligundua kwamba ushanga mweusi ulipokewa Ugogo, lakini kwingineko haukuwa na thamani. Ushanga mkubwa ulioitwa sungomaji ulitakiwa Ujiji, ukakataliwa sehemu nyingine. Mweupe ulipendwa Ufipa, ukadharauliwa Ukonongo. Ilimbidi akadirie atakaa siku ngapi katika kila nchi ndipo anunue. Aliandika kwamba Burton na Speke, waliofika Tabora mwaka 1857, walilazimika kutupa mamia ya fundo za ushanga usiotakiwa.

Msomaji apige hesabu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 70 hivi. Ushanga usiouzika ulikula bei yake ya kununulia, ujira wa mpagazi na chakula chake njia nzima. Zaidi ya hayo, msafara usio na ushanga unaotakiwa haukuweza kununua nafaka: watu walilala njaa juu ya magunia ya mali.

Kwa upande mwingine wako wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walioleta Unguja pamba isiyopaushwa tangu miaka ya 1830. Haikuwa nguo ya urembo. Ilikuwa nzito na ya kudumu, na hicho ndicho mteja wa bara alichokitaka. Ilipata soko mpaka jina la nchi ilikotoka likawa jina la nguo: merikani.

Leo tuchukue asali, zao linaloupa Tabora sifa. Mpika wanzuki hajali rangi. Anatafuta utamu mwingi kwa bei ndogo. Abiria wa treni anataka chupa ndogo isiyovuja, ya kupelekea wenyeji wake. Mwenye duka wa Dar es Salaam anataka asali iliyochujwa, yenye lebo, na ujazo ule ule kila mara. Mzinga ni mmoja, masoko ni matatu. Anayejaza yote katika madumu ya lita 20 amemchagua mteja mmoja bila kujua, na mara nyingi ni yule anayelipa kidogo kuliko wote.

Ushauri wetu ni mwepesi na hauhitaji mkopo. Kabla ya msimu ujao, peleka chupa chache kwa kila aina ya mnunuzi. Usimwulize kama anaipenda asali yako. Atakujibu ndiyo kwa adabu. Tazama anarudi kununua ipi, na kwa bei gani. Kisha ndipo ununue vyombo.

Stanley aliuliza kabla hajanunua. Waliotupa ushanga wao waliujua ukweli huo wakiwa wamekwisha kulipa.